Imezima Yenyewe

Dalali wa nyumba aliiweka laptopu yake juu ya kaunta, akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyeleta mzigo usiomhusu, kisha akasema maneno ambayo fundi alikuwa ameyasikia mpaka yakamtoka puani.

"Imezima tu yenyewe."

Fundi akasonya. Hakusonya kimoyomoyo kama watu wenye haya. Alibana meno, akavuta hewa na mate kwa pembe ya mdomo, ukatoka msonyo mrefu wenye kona zake, hata muuza viatu wa mlango wa pili akacheka bila kugeuka. Mtaa mzima ulimwita Fundi Msonyo kwa ajili hiyo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao juu ya mlango, na hapo ndipo lilipokaa, hakuna aliyelitumia.

"Ikazima yenyewe," akarudia. "Imekaa zake, haina habari na mtu, mara ikaamua kuzima."

"Ndiyo, kaka. Wala sikuwa karibu. Sasa nikiiwasha inaleta ile alama ya kampuni, inazungusha vile vidoti, inazungusha weee, halafu giza. Inaanza upya. Kutwa nzima ni hivyo hivyo."

"Na wewe hujaigusa."

"Sijaigusa kabisa!"

Fundi akaipindua. Kwenye tundu la feni palikuwa na uzi mwembamba wa kahawia. Uzi ukatikisika, ukaelekea kushoto, ukaelekea kulia, kisha ukarudi ndani. Fundi akaiweka laptopu chini taratibu, akaenda kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pembeni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Una mende humu," akasema.

"Mende?" Dalali akacheka. "Basi wameingia hapa hapa kwako. Kwangu hakuna mende. We futa kila kitu uweke upya, sina cha maana humo. Picha za nyumba tu, na zote ninazo kwenye simu."

Akaondoka zake akipiga mluzi. Fundi akabaki anaitazama ile mashine kwa macho ya mtu aliyetapikiwa viatu.

Ilikuwa bahati mbaya ya aina yake, mtu mwenye kinyaa kama yeye kuangukia kazi kama ile. Tangu mdogo hakuweza kunywa kwenye kikombe alichonywea mwenzake, hata kama mwenzake ni ndugu yake wa tumbo moja. Nyumbani alikuwa na sahani yake, kijiko chake na bilauri yake, na mkewe alikwisha kuzoea kumwona akivinusa kabla ya kupakua. Lakini mikono yake ilikuwa na akili ya bisibisi, na kazi ya bisibisi ilimpeleka moja kwa moja ndani ya uchafu wa watu. Maana laptopu ni kitu ambacho mtu hulala nacho, hula juu yake, hukohoa mbele yake na kukatia kucha juu yake, halafu akafunga kifuniko akaona mambo yamekwisha. Chini ya kibodi ndiko kila kitu kilikokwenda. Fundi aliviona vyote: nywele zilizosokotana kwenye feni, mafuta ya vidole yaliyogeuka gundi, makombo ya biskuti yaliyoota ukungu, jino la mtoto. Hilo jino lilimnyima hamu ya kula kutwa nzima.

Kwa hiyo hakuandika majina ya wateja. Mashine alizozipokea alizijua kwa uchafu wake. Ilikuwapo ile ya unga, ile ya majivu ya sigara, ile ya manyoya ya paka. Muuza viatu alimshauri mara nyingi abandike karatasi yenye jina la mwenyewe, naye akamjibu kwamba karatasi hubanduka, ila uchafu wa mtu haufanani na wa mwenzake. Alijivunia utaratibu huo. Alikuwa hajawahi kukosea.

Lakini uchafu, kwa kweli, aliuvumilia. Alichokuwa hawezi kukivumilia ni midomo ya wenye uchafu. Katika miaka yote ya kufungua na kufunga, hakuna mtu aliyewahi kufika mbele yake akasema amefanya kitu. Chai haikumwagwa, ilimwagika. Kioo hakikuvunjwa, kilivunjika. Hakuna aliyekata waya, ulikatika. Hakuna aliyeiangusha, ilianguka. Watu walikuwa wameokota kile kijisilabi cha kumalizia neno, hicho "ika", wakajifunika nacho kama blanketi. Ukiwasikiliza utadhani duniani hakuna watu, kuna vitu tu, vinajimwagia chai vyenyewe na kujirusha vyenyewe kutoka mezani. Fundi alichukia neno hilo kuliko alivyochukia mende. Mende angalau ukimwashia taa anakimbia, anajua amekosa.

Hata nyumbani hakupumzika.

"Baba watoto, bilauri yako imevunjika," mkewe alimwambia wiki ile ile.

"Imevunjika, au umeivunja?"

"Imevunjika. Mimi nilikuwa nimeishika tu."

Akasonya mpaka mkewe akaangua kicheko, akamwambia siku moja atasonya ulimi wake mwenyewe aumeze.

Siku ya pili baada ya dalali, alikuja mama mmoja, mtu mzima, mwembamba, amekumbatia laptopu iliyofungwa ndani ya taulo. Aliiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili. Fundi akasubiri maneno yake yale. Mdomo wake ulikuwa tayari umekaa pembe.

"Nimemwaga uji," akasema yule mama.

Mdomo wa fundi ukanyooka.

"Nimemwaga mimi. Nilikuwa namlisha mume wangu, nikaiweka mashine karibu kwa uvivu wangu, nikageuka na kikombe, nikaimwagia yote. Halafu nikaogopa, nikabonyeza kitufe nikakishikilia mpaka nikaizima. Sijui kama nilifanya vizuri. Sasa nikiiwasha inaniletea ukurasa wa buluu wenye maandishi nisiyoyaelewa, haiendi mbele."

Kama angekuwa mtu wa kulia, fundi angelia. Alikivuta kiti chake mwenyewe, akakipangusa, akamkaribisha. Na kwa furaha akaanza kumweleza yote, habari za "imemwagika" na "imevunjika" na dalali na mende wake, mpaka yule mama akacheka kwa sauti.

"Wewe ni wa kwanza," fundi akamwambia. "Nakuapia mama, wa kwanza. Watu wote wanakuja hapa wanajitia hamnazo."

"Ningesema nini, baba? Uji una mikono?"

"Ehee! Waambie wewe!" Akalifungua taulo. Ilikuwa laptopu ya kijivu, pacha wa ile ya dalali, kampuni moja, umbo moja, ila hii ilinuka ulezi. "Kuna kitu cha maana humu?"

Mama akaacha kucheka. "Mume wangu yumo humo."

Akamweleza. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu mwenye mdomo mkali kuliko wembe, ambaye angeweza kumtukana askari wa barabarani mpaka askari akaomba radhi. Kisha kikampata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakaondoka yote. Mwanzo alikuwa ananguruma tu. Mtaalamu mmoja wa hospitali aliwafundisha mazoezi ya kusema, mkewe akawa anamrekodi kila jioni kwenye simu, kisha anazihamishia sauti kwenye laptopu kwa kuwa simu ilikuwa inajaa. Akapata "ma". Akapata "maji". Akapata "sitaki", na tangu hapo kila kitu kikawa sitaki. Siku moja akamwita mkewe kwa jina la utani alilompa walipokuwa wachumba, jina ambalo mama yule hakumtajia fundi. Kisha kiharusi cha pili kikaja kikachukua tena kila kitu, hata kunguruma.

"Sasa mtaalamu anasema anajifunza upesi akijisikia mwenyewe kuliko akinisikia mimi. Kwa hiyo asubuhi na jioni namwekea sauti zake. Anatazama tu, lakini anasikiliza. Naliona jicho lake linapogeukia. Zile sauti, fundi, ndiyo dawa yake. Mashine hata ukiitupa sawa. Nipe zile sauti."

"Sigusi kitu kabla sijazitoa," fundi akasema. "Na nikiharibu nitakwambia nimeharibu. Hutanisikia nikisema imeharibika."

Wakacheka tena wote wawili. Mama akaenda zake, amepungua uzito usoni.

Fundi aliifanyia kazi mashine ile kama ya mama yake mzazi. Alichomoa kibodi, akakuta uji umeganda chini ya vitufe, na kimoja kimezama kimenata; hicho ndicho kilichokuwa kikiipeleka mashine kwenye ule ukurasa wa buluu, kwa kuwa ilidhani kuna mtu amekibonyeza bila kukiachia. Akasugua kwa brashi na spiriti. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilimpanda kooni, akajikaza kisabuni. Alipoiwasha, ukurasa wa buluu haukuja tena. Ikaja alama ya kampuni, vikaja vidoti, vikazunguka, halafu giza, ikaanza upya. Hilo hakulishangaa. Mashine ikizimwa kwa nguvu katikati ya kazi, programu yake ya kuwashia huweza kuharibika, nayo itabidi iwekwe upya. Lakini kwanza sauti. Akafungua mgongo, akaitoa diski, kibao chembamba cha urefu wa kidole ambamo kila kitu cha mwenyewe hukaa. Palikuwa na tone la uji lililokauka juu yake. Akaiweka kwenye kitambaa cheupe, tayari kuichomeka kwenye kompyuta yake kubwa ili anakili.

Wakati huo huo dalali akapiga simu.

"Vipi, kaka, bado tu? Nina mteja wa nyumba ananisubiri."

Ile ya dalali ilikuwa imekaa chini ya meza ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, maana fundi alikuwa hataki kuiona. Alijiambia aimalize sasa hivi, iondoke machoni pake, kisha afanye kazi ya mama kwa roho safi. Akavaa glavu. Akafungua fundo nje, kwenye mtaro, akaipiga piga ubavuni. Walitoka wakubwa, wakatoka wadogo, wengine weupe wenye ngozi laini ambao ndio wanaochukiza kupita wote. Muuza viatu aliwakanyaga huku akiruka ruka. Ndani fundi akakuta mayai yamebandikwa kwenye kona za feni, na mavi yao, vipunje vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, yametapakaa kila mahali hadi juu ya diski. Mwili ulimsisimka kutoka kisogoni hadi nyayoni. Akaikwapua ile diski kwa kibano, akaileta mezani, akaisugua kwa spiriti, akaisugua tena, akaisugua hata maandishi ya kampuni yakafifia. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshika kasi na pamba ilikuwa bado mbichi, akaichukua na ile ya mama, akalisugua lile tone la uji.

Akaziweka zote mbili juu ya kitambaa cheupe zikauke. Akavua glavu, akazitupa, akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu.

Aliporudi alikuta diski mbili safi, za kampuni moja, za ukubwa mmoja, zimelala kando kwa kando. Hakusita. Na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba hakusita hata kidogo. Akachukua ya kulia, kwa kuwa mkono wake ulisema ya kulia ni ya mende. Siku nyingine angefungua kwanza atazame kilichomo. Lakini ya dalali hakutaka kuitazama. Alihisi kama hata picha zake zitakuwa na vile vipunje vyeusi. Kompyuta ikamwuliza kama kweli anataka kufuta kila kitu. Akabonyeza ndiyo. Ikamwuliza tena, maana mashine zina subira kuliko watu. Akabonyeza ndiyo.

Kisha akachukua ya pili, akaichomeka ili atoe sauti za mzee. Likafunguka folda la picha. Sebule. Choo. Sebule nyingine. Choo kingine. Jiko lenye bomba linalovuja. Choo.

Fundi aliketi. Kwanza hakuamini, akafungua picha nyingine na nyingine, akitegemea kwamba katikati ya vyoo vya kupangisha atakutana na sauti ya mtu anayesema maji. Halafu akaanza kuhangaika. Akaleta programu zote alizonazo za kuokoa vilivyofutwa, akampigia fundi mwenzake, akampigia mwalimu wake wa zamani. Wote walimwambia alichokuwa anakijua. Diski za zamani ukizifuta, mtu angeweza kuchokoa chokoa akapata mabaki. Hizi za siku hizi ukizifuta zimefuta. Alizunguka nayo kutwa nzima, na kilichotoka ni weupe mtupu.

Miaka yote ile alizitambua mashine kwa uchafu wake. Aliposafisha zote mbili, hakuitambua hata moja. Alijichukia. Aliitazama mikono yake, mikavu na iliyonyauka kwa sabuni, akaona hakuna kitu kichafu kama hiyo katika duka zima.

Jioni nyumbani hakunusa sahani. Mkewe akaona.

"Kuna nini?"

"Kuna kazi ya mtu imeharibika."

Mkewe aliacha kupakua. Alimtazama, mwiko mkononi, kisha kwa huruma yake akamwongezea mchuzi. Fundi alijisikia mwenyewe, akajaribu kulimeza lile neno pamoja na chakula, lisiteremke.

Mama alikuja asubuhi. Alikuwa amejifunga kilemba safi na mkononi amebeba lile taulo, limefuliwa. Fundi alikuwa amekesha akipanga maneno. Alikuwa ameyapanga vizuri, ya kiume, yenye heshima. Lakini alipomwona anatabasamu tangu upande wa pili wa barabara, yote yakamruka. Akaisukuma laptopu mbele yake. Ilikuwa inang'aa. Vitufe vyote vilikuwa vinabonyezeka, feni haikupiga kelele, na skrini iliwaka mara moja bila kuzunguka zunguka.

"Imepona," mama akasema.

"Imepona, mama. Ila zile sauti..." Akaipangusa kaunta. "Zimefutika."

Muuza viatu wa mlango wa pili aliacha kugonga nyundo.

Mama hakupiga kelele. Alilishika taulo kwa mikono yote miwili. Aliitazama ile mashine safi, kisha akamtazama fundi, na tabasamu lake likaondoka taratibu, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeonja kitu kilichochacha na bado kiko mdomoni, hajajua akiteme wapi.

"Zimefutika," akasema. "Au umezifuta?"

Kulikuwa na sababu nyingi za kusema, za dalali, za mende, za diski kufanana, na kila moja ilikuwa ya kweli. Fundi alizinusa zote, zikamnukia uvundo.

"Nimezifuta," akasema.

"Wewe."

"Mimi. Nimezifuta mimi."

"Basi haya." Akaifunga laptopu ndani ya taulo, akaichukua. "Twende ukamwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia. Kila asubuhi anageuza jicho kwenye hii mashine. Utamwambia wewe."

Walikwenda kwa miguu, mama mbele, fundi nyuma. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu imepigwa deki, dirisha wazi. Mzee alikuwa ameegeshwa kwenye kiti kikubwa kwa mito pande zote. Mwili wa dereva ulikuwa bado upo, mabega mapana, shingo nene, lakini upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka, na kwenye kidevu palikuwa na uzi wa mate uliofika mpaka kwenye kitambaa cha begani. Mkewe akaufuta kwa kiganja chake kitupu, akajifuta kwenye kanga, kama mtu anayefuta meza. Kinyaa kikamshika fundi. Akakionea haya, nacho hakikuondoka. Alikaa kwenye stuli aliyoonyeshwa, magoti yake yakiwa karibu kugusana na ya mzee.

Mama akalifungua taulo, akaiweka laptopu mezani mahali pake. Jicho la mzee likageuka, likakaa pale pale kwenye mashine, likingoja.

"Baba watoto," mama akasema, "huyu ndiye fundi. Ana neno lake."

Likamgeukia fundi. Lilikuwa jicho la mtu mzima mwenye akili zake zote, lisilo na upungufu wowote. Hapo ndipo fundi alipoelewa kwamba hakuja kumwambia mgonjwa, alikuja kumwambia dereva wa lori.

"Shikamoo, mzee. Mkeo aliniletea hii mashine, nami nikamwahidi sigusi kitu kabla sijatoa sauti zako. Nikachanganya na ya mtu mwingine. Nilikuwa na haraka, nilikuwa namchukia yule mtu na uchafu wake, sikutazama. Zile sauti zako zime..." Akasimama. "Nimezifuta. Hazipo tena. Nimezifuta mimi."

Mzee alimkazia jicho. Upande mzima wa mdomo wake ukaanza kutetemeka, ukavutika nyuma, meno yakaonekana, na fundi akadhani anataka kulia, naye akainamisha kichwa kwa kuwa asingeweza kuona hilo.

Hakulia. Alisonya.

Msonyo wenyewe ulianza kwa mate, ukakwama, ukachafuka, ukajikusanya tena, kisha ukavutwa mrefu kutoka pembe ile moja iliyobaki hai, ukamalizikia juu kwa kona kali ya mtu aliyewasonya maaskari wa barabarani maisha yake yote. Matone yalimfikia fundi shavuni. Hakuyafuta.

Mama alikuwa amesimama, mkono umeshika kiti.

"Umesikia?" akasema kwa sauti ndogo. "Fundi, umesikia? Tangu kiharusi cha pili hajatoa hata sauti ya kuhema kwa kutaka kwake. Hata moja." Akaanza kuipekua kanga yake, kifuani, kiunoni, akaipata simu, akabonyeza pasipo pake. "Ngoja. Ngoja kwanza, nirekodi. Haya, sema tena."

"Niseme nini, mama?"

"Hilo hilo. Mwambie tena ulichofanya."

Fundi akamtazama mzee. Mate ya mzee yalikuwa yanakauka shavuni mwake, na jicho lile lilikuwa limemkalia bila msamaha wowote, limejaa chuki safi, nzima, iliyo hai.

"Nimezifuta mimi," akasema.

Mzee akamsonya.

"Tena," mama akasema, simu imemkaribia mumewe mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakumtazama fundi hata kidogo. "Tena, na useme kwa sauti."

"Nimezifuta mimi."

Huu wa tatu ulitoka bila kukwama.